Saa ya Kuteka Maji

Juma lililopita vijana watatu kutoka Murera walinijia hapa Kimbo. Wamenunua mashua mbili za mpira, wanataka kuwateremsha wageni mtoni, na kuna mtu amewaambia kwamba mzee wa mlango wa kijani aliwahi kupanga safari ya namna hiyo zamani.

"Sasa guka," wakasema, wakiniita babu kwa Kikuyu. "Tunataka tu utuonyeshe route. Hizo zingine tuko nazo kwa simu."

Nikawapa viti. Nikaitazama ramani ya simu: mto umechorwa kama uzi wa buluu, hauna jiwe hata moja. Nikawaambia warudi Jumamosi. Wakirudi nitawapa karatasi hizi, kwa sababu yako mambo ambayo siwezi kuyasema kwa mdomo mbele ya watu ambao boda boda yao inangoja nje.

Basi ninyi watatu, someni hadi mwisho. Msiruke kurasa mkitafuta maporomoko yako wapi. Nimeyaandika, lakini si hayo yatakayowaharibia safari.

Mimi nilikuwa mpima maji. Kazi yangu ilikuwa kujua mto una kina gani, unakwenda kwa kasi gani, na mwezi ujao utakuwa umefika wapi kwenye ukingo. Nilianza nikiwa kijana mwenye shati moja, nikastaafu nikiwa na miwani. Katika miaka yote hiyo nilipanga safari nyingi za majini, na ile ninayoijutia ndiyo niliyoipanga vizuri kuliko zote.

Nilifundishwa na Mzee Okoth. Alitoka upande wa ziwa, Nyanza, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa, naye alikuwa na hakika kwamba sisi Wakikuyu tunaogopa maji hata ya kuoga. Alinifundisha kushika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, nao tuliufunga kamba nyekundu kila futi moja ili utumike pia kupimia. Lakini zaidi ya yote alinifundisha kuuliza. Kuuliza si ujinga, husema watu. Mzee Okoth alisema ujinga uko katika namna ya kuuliza.

"Wewe Ndung'u, usiuliza mtu kama mashua inaweza pita hapa," alinionya siku za kwanza. "Yeye hajawahi ona mashua. Atakwambia ndio kwa sababu wewe umevaa viatu. Uliza ng'ombe wanavukia wapi. Mahali ng'ombe anavuka, mashua italala. Uliza akina mama wanafua nguo wapi. Hapo iko mawe. Alafu uliza mto inalia wapi."

Andikeni hayo mahali. Mimi sikuyaandika, na wiki ileile nikamwamini nyapara mmoja wa shamba la kahawa, aliyeniapia kwamba mto Ruiru umenyooka kama barabara kutoka darajani kwake hadi shamba la chini. Tulitumia mchana mzima tukiibeba mashua juu ya mawe, magoti yanatoka damu. Nilipomrudia nyapara yule kwa hasira akashangaa kweli kweli. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka tisa na hajawahi kutembea kando ya mto hata hatua mia. Aliujua kutoka juu ya daraja tu.

Mashua ya safari ile ninayoijutia ilitengenezwa Thika na fundi Mhindi, Mzee Okoth akisimama nyuma yake akimkosoa. Ilikuwa ndefu kama vitanda vitatu vilivyopangwa mstari, na nyembamba hivi kwamba ukikaa katikati viwiko vyako viligusa huku na huku. Wembamba huo ulikuwa na sababu yake. Inginia wetu, mzungu tuliyemwita Bwana Saa kwa vile mkono wake wa kushoto haukupumzika kuinuka atazame saa, alikuwa na ndoto ya mfereji mmoja mkubwa wa kutoa maji mto Thika hadi mashamba ya mkonge. Alitaka chombo kitakachopita mferejini na mtoni vilevile, ili auone mto wenyewe kutoka pale mto Chania unapoingia hadi chini kabisa, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupita kwa mashua. Mimi na Mzee Okoth tulipewa kazi ya kupanga njia.

Tuliijaribu kwanza hapa Ruiru, katika mfereji wa shamba nililokuwa nikiishi. Nilikuwa nimepima upana wa mfereji mahali ishirini. Mashua ikaingia vizuri, ikateleza, wanawake waliokuwa wakichagua kahawa wakaacha kazi kutazama, nami nikasimama mbele na upondo wangu kama mtu muhimu. Tukafika kwenye kona. Kona sikuwa nimeipima. Mashua ikajikita kichwa huku na mkia kule, maji yakarudi nyuma, yakafurika njiani, na chini kwenye mashine ya kumenya kahawa maji yakakatika kabisa.

"Ndung'u!" mama mmoja akaita. "Umetuletea hori la ng'ombe, na ng'ombe ako wapi?"

Meneja alitukana kwa lugha tatu. Ilibidi tuzibomoe kingo kwa majembe ndipo mashua itoke. Mzee Okoth alicheka hadi akaketi chini. Basi pimeni kona, vijana. Mtu hupima pale panapompendeza macho akasahau pale anapogeukia.

Nimecheka peke yangu nikiandika hayo. Sasa niingie kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Shuleni mmesoma habari za msitu na bunduki, lakini sidhani mlifundishwa habari za karatasi. Sisi Wakikuyu tulitembea na kitabu cha pasi, na kila hatua nje ya mahali pa kazi ilitaka mhuri. Mimi nilikuwa Ruiru. Mama yangu alikuwa ng'ambo ya mto Thika, chini zaidi, mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu. Watu wa kwetu walikuwa wameondolewa mashambani mwao wakakusanywa katika kijiji kimoja chenye handaki pande zote na homugadi, wale askari wenyeji wa serikali, langoni. Niliomba ruhusa mara nne nikamwone. Mara nne karani alinirudishia karatasi yangu bila hata kuinua uso.

Katikati ya hayo mke wangu Nyambura akajifungua msichana. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na hilo si jambo la jina tu. Mama yako anakuwa amezaliwa tena nyumbani mwako. Nilimbeba mtoto wa siku mbili nikamwita maitu, mama yangu, na sikuona haya. Nyanya naye hungoja kuletewa wajina wake, amshike, amtemee mate kidogo ya baraka kifuani, aseme maneno yake. Mama yangu Wanjiru alikuwa amelingoja jambo hilo tangu siku nilipooa. Na sasa Wanjiru mdogo alikuwa na miezi saba, ameota meno mawili, na wawili hao hawajaonana.

Mtoto nisingeweza kumpeleka. Nikampeleka kwa mpiga picha Thika badala yake. Alitoka amekaa kwenye kiti kikubwa, macho makavu, mkono mmoja amekunja ngumi kama mtu anayedai haki yake. Alikuwa mama yangu mtupu. Nikaifunga picha ile kwa kitambaa cha mpira isilowe, nikaiweka mfukoni, na kuanzia siku hiyo safari ya Bwana Saa kwangu haikuwa ya mfereji tena. Nilikuwa na jambo moja tu: mashua ile ingepita mbele ya kijiji cha mama yangu, nami ningekuwa ndani yake kwa ruhusa ya serikali, na mhuri juu.

Mzee Okoth nilimwambia. Bwana Saa sikumwambia. Angejua kwamba nina mama kando ya mto ule angeniacha Ruiru siku hiyohiyo, si kwa ubaya wake, ila ndivyo amri zilivyokuwa.

Kazi ya kwenda mbele kuuliza habari za mto ilimwangukia Mzee Okoth, kwa sababu yeye hakuwa Mkikuyu na barabarani hawakumsumbua sana. Alikaa siku tano. Aliporudi alinipa hesabu yote: ng'ombe wanavukia wapi, mawe ya kufulia yako wapi, na maporomoko mahali pamoja tu pa kutubidi kubeba mashua, mwendo wa masaa mawili ukihesabu na kupumzika. Kisha akasogeza kiti.

"Nimeona mama yako. Amekonda, lakini meno iko yote."

Alikuwa amemkuta mtoni. Wanawake wa kijiji kile walitolewa mara moja tu kwa siku kuteka maji, saa tisa alasiri, wakiwa na homugadi mbele na nyuma. Walipewa nusu saa kwenye jiwe bapa, firimbi ikalia, wakarudi ndani. Kabla na baada ya hapo ukingo ulikuwa marufuku, na mtu akionekana alipigwa risasi kwanza akaulizwa jina baadaye.

"Nimemwambia wewe unakuja na mashua. Amesema, mwambie aje na huyo wajina yangu mimi nione. Hakuuliza ingine."

Nilikwenda nje nikasimama nyuma ya nyumba mpaka macho yakakauka.

Sasa mmeelewa kazi niliyokuwa nayo. Safari nyingine yoyote, ukifika saa nane au saa kumi, umefika. Hii ilikuwa na mlango wa nusu saa. Ilinibidi niilete mashua ile ndefu, na watu watatu ndani, juu ya mto ambao huko chini sijawahi kuuona, mbele ya jiwe moja, saa tisa kamili.

Nilipanga kama sijawahi kupanga. Nilitupa magunzi makavu ya mahindi majini na kuhesabu hatua, asubuhi na jioni, siku kumi mfululizo, hadi nikajua mwendo wa mto kuliko nilivyojua mwendo wa mke wangu. Tungelala Jumatano kwenye daraja la shamba la mkonge. Alhamisi tungeondoka saa tatu asubuhi. Masaa manne ya kuelea, masaa mawili ya kubeba mashua penye maporomoko. Saa tisa. Nilimpa Bwana Saa karatasi yangu, akaisoma mara mbili, akasema kwamba hajaona mpango safi namna hiyo hata kutoka kwa wazungu wenzake. Niliona fahari, siwafichi.

Siku moja kabla Mzee Okoth hajaenda mara ya pili kumpa mama habari za Alhamisi, alininyooshea mkono.

"Nipatie hiyo picha. Keshokutwa niko na yeye."

"La. Nitampa mwenyewe."

"Ndung'u, safari ni maji. Maji haina adabu. Mimi nitaenda na miguu."

"Nataka ashike kutoka kwa mkono wangu, Mzee."

"Mkono ni mkono," alisema. Akaondoka bila picha.

Ninyi watatu, mkitaka kujua kosa liko wapi, liko hapo. Yaliyofuata ni maji tu.

Jumatano ilikwenda sawasawa. Tulipita pale Chania inapoingia, tukateremka katikati ya mashamba ya mkonge, vibarua wakatupungia mikono kana kwamba tunakwenda harusini. Jioni tukafunga mashua darajani. Upande wa Nyandarua mbingu zilikuwa nyeusi, lakini kwetu hakukudondoka hata tone, na mvua kubwa ilikuwa bado majuma mawili.

Asubuhi mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ulikuwa umepanda shubiri mbili.

Mzee Okoth alichutama akaweka mkono majini, akautoa, akanijia mahali nilipokuwa nikifunga mizigo. Alisema kwa sauti ya chini, "Hii maji itatubeba mbio. Tungoje. Tutoke saa tano, hata saa sita."

Alikuwa na haki, na nilijua ana haki. Hata gunzi lililotupwa na mtoto lingenionyesha. Lakini nilikuwa na hofu moja tu kifuani, nayo ilikuwa hofu ya kuchelewa. Nimelelewa kwa ule msemo, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mwalimu wetu aliuandika ubaoni, baba yangu aliusema kwa fimbo. Hakuna hata mmoja aliyenifundisha msemo wa yule anayewahi. Nikaona tukisubiri, pengine mti utakuwa umeanguka njiani, pengine mashua itatoboka, na saa tisa itanikuta nyuma ya kona nikisikia firimbi. Nikamwambia, "Tukiwahi tutasubiri mbele. Mpango ni saa tatu." Bwana Saa akaitazama saa yake akasema ni saa tatu.

Tukaondoka.

Nusu saa baadaye nilijua nimeharibu. Kingo zilikuwa zikipita kama tuko kwenye lori. Tulipofika kwenye maporomoko, yale ya masaa mawili ya kubeba, hatukuona maporomoko. Maji yalikuwa yamefunika mawe yote upande wa kushoto, yametengeneza mtelemko laini, na Mzee Okoth hakuwa na la kufanya ila kuinua upondo na kuomba Mungu wake. Tulipita kwa muda usiotosha kumaliza sigara. Bwana Saa alipiga kelele za furaha kama mtoto.

Nikaanza hila. Nikasema lazima tupime kina kwenye kila kona. Nikaangusha kamba ya kupimia nikajifanya naitafuta. Nikasema tumbo linaniuma, tukafunga kwenye mti nikachutama kichakani robo saa bila haja yoyote, nikihesabu. Bwana Saa alinivumilia mara tatu. Mara ya nne akasema mto bado unapanda na hatafunga tena popote hadi kambi ya chini. Kama inginia alikuwa sahihi. Mimi mwenyewe ningesema hivyohivyo.

Tulilifikia jiwe bapa saa sita. Masaa matatu kabla.

Nitawaambia nilichokiona. Jiwe jeupe kwa kusuguliwa na madebe. Njia nyembamba inayopanda kilimani, imekanyagwa na miguu mitupu. Juu, ncha za miti ya boma, na moshi. Na homugadi mmoja amekaa kwenye gogo na bunduki magotini, ambaye alisimama alipotuona, akamwona mzungu, akapunga mkono tuendelee, tuendelee.

Mzee Okoth alichoma upondo ndani kabisa na mashua ikapunguza mwendo. Alikuwa nyuma, mimi nilikuwa mbele. Akaniambia, mbele ya wote, "Sema."

Bwana Saa akauliza, aseme nini?

Ingetosha kusema maneno matano. Bwana, mama yangu yuko hapa. Pengine angekasirika, pengine angenifuta kazi, pengine angemwita yule homugadi na kumwambia amlete mwanamke anayeitwa Wanjiru, kwa maana mzungu siku zile akisema neno lilifanyika. Sitajua kamwe. Nilikuwa na mke na mtoto katika nyumba ya kampuni na kitabu cha pasi mfukoni, karibu na picha. Nikasema, "Maji ni futi sita, Bwana."

Upondo ukatoka matopeni na mto ukatuchukua.

Sikuangalia nyuma. Mzee Okoth aliendelea kusukuma, na kambini alichonipa ni kikombe cha chai tu.

Mngedhani nimejifunza. Tuliporudi Ruiru, jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa lilelile: "Nipatie hiyo picha." Na mimi, mpumbavu wa hesabu, nilikuwa tayari na karatasi mpya mkononi. Bwana Saa alikuwa amesema kutakuwa na safari ya pili baada ya mvua kubwa, nami nimeshaipanga, na safari hii nimeweka mahali pawili pa kusubiri na kanuni ya kutazama rangi ya maji asubuhi. Nilimwonyesha. Alisoma polepole, akanirudishia.

"Mzuri sana," akasema. "Lakini mama yako si daraja, wuoda. Hatakaa pale kukungoja."

Neno hilo, wuoda, kwao ni mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Kabla ya mwezi kwisha alihamishiwa kwao ziwani, na pamoja naye ukaondoka mguu pekee uliokuwa ukiweza kufika kijijini bila pasi. Safari ya pili ikaahirishwa, kisha ikafutwa. Ule mfereji haukuchimbwa hata jembe moja. Mwezi wa saba, ule wa baridi na manyunyu, chifu alileta habari kwa meneja, na meneja akamtuma karani, na karani akanikuta mferejini nikisafisha wavu. Mama yangu alikuwa amekufa kwa kifua siku tisa zilizopita na ameshazikwa.

Nyambura alilia kwa sauti. Mimi nilimchukua mtoto nikakaa naye mlangoni. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Yangu yalikuwa mapajani mwangu yakivuta kifungo cha shati.

Nimefanya kazi hii miaka mingi baada ya hapo. Nimefundisha watu, wengine wao baba zenu, kutupa gunzi na kupima kona. Daima niliwaambia waongeze saa moja ya kusubiri kwa kila safari kwa ajili ya mto unaopanda, na walidhani ni busara ya kazi. Walikuwa wakiniita mwangalifu.

Amri zilipolegea nilikwenda kijijini. Handaki lilikuwa limeanza kujaa majani. Nikaonyeshwa kaburi, na mama mmoja aliyeishi naye ukuta kwa ukuta, Mama Mwangi, akanishika mkono tukashuka hadi jiwe bapa. Nilimuuliza kuhusu ile Alhamisi. Nilitaka aniambie kwamba mama hakuja, kwamba alikuwa mgonjwa, kwamba walizuiwa langoni. Nilikuwa nimelitamani hilo njia nzima.

"Alikuja," akasema. "Alijifunga kile kitambaa chake cha kanisa. Tukakaa mpaka firimbi. Mto ulikuwa umejaa, sisi tukamwambia, Wanjiru, mashua haiji. Akasema hapana, mwanangu hafanyi kazi ya kubahatisha, amefunga mahali anangoja maji yapungue. Kesho yake akashuka tena. Kila siku, Ndung'u. Alichukua madebe ya wagonjwa ahesabiwe kati ya watekaji. Hata mvua, hata ile baridi, anasimama hapo ndani ya maji, hapo unapotazama, apate kuona mbali kwenye kona."

"Hamkumkataza?"

"Tulimkataza. Siku ya mwisho aliyoteremka alikuwa akikohoa sana. Wasichana walikuwa wakicheza, wanapiga maji kwa miguu. Akawafokea, yeye ambaye hakuwa mtu wa kufoka. Akawaambia, msitibue maji, mwanangu anataka kuona mawe ili apite."

Nilisimama pale. Nilitaka kumwambia Mama Mwangi kwamba mwana huyo alikuwa amepita Alhamisi ileile, saa sita, wakati wao wakiwa wamefungiwa ndani, na kwamba alikuwa amekaa mbele kabisa ya mashua, na kwamba aliambiwa aseme akataja kina cha maji. Sikumwambia. Nyumbani nilisema mto ulifurika tukashindwa kufika. Nyambura aliamini hivyo hadi alipokufa, na Wanjiru, ambaye sasa ni nyanya wa watu, anaamini hivyo mpaka leo. Ninyi watatu ndio wa kwanza kuambiwa ukweli.